Mtoto akiwa ICU: jinsi ya kuipanga familia tangu siku ya kwanza

Siku 3 za mwanzo familia nyingi hujiendesha kwa nguvu ya mshtuko. Ndugu wamejaa kwenye benchi, simu hazitulii, chakula kinaletwa na watu 3 kwa mpigo. Mambo hukatika wiki ya pili. Wageni wamesharudi Rombo na Karatu, hela imekwisha kwenye simu, baba ameitwa kazini, na mama kabaki peke yake na bili, vikombe vya maziwa na msururu wa watu wanaouliza "anaendeleaje?" Huyo akianguka, maziwa yanakata na maelezo ya daktari hayana wa kuyapokea. Kwa hiyo tunaanza na mgawanyo wa kazi, kabla ya mashine na dawa.

Nani afanye nini

Kaeni chini siku ileile ya kulazwa, hata kama ni kwenye nyasi nje ya wodi, mtaje watu kwa majina. Anahitajika wa kitandani, ambaye mara nyingi ni mama. Anahitajika mbadala wake: bibi, mama mdogo, shangazi au baba mwenyewe. Kisha msemaji, mhazini, na mtu wa nyumbani atakayeangalia watoto wengine, ng'ombe na mlango. Mtu mmoja anaweza kushika kazi 2, ila mama mwenye mtoto wodini asipewe ya pili. Kumnyonyesha au kumkamulia mtoto mgonjwa ni kazi ya mchana na usiku.

Msemaji ndiye anayeokoa usingizi wa watu. Anatuma ujumbe mmoja kwa siku kwenye kundi la familia, tuseme saa 2 usiku, baada ya kuongea na aliye hospitali. Uwe hivi:

"Mtoto bado yuko kwenye sipapu (mashine inayomsukumia hewa puani). Oksijeni imepunguzwa kutoka 40 hadi 30. Anakunywa ml 15 kila saa 3. Kesho asubuhi tunahitaji watu 2 wa kuchangia damu. Tafadhali msimpigie mama yake."

Sentensi ya mwisho irudiwe kila siku, maana watu husahau. Baba mkubwa aliyezoea kupewa taarifa kwanza apigiwe na msemaji saa moja kabla ya ujumbe, heshima yake ibaki mahali pake, na simu ya mama ipumzike.

Zamu: mtu asikeshe zaidi ya usiku 2 mfululizo. Kama wodi inaruhusu mama tu, mbadala ashike yote ya nje: chakula, kufua, foleni ya maabara, duka la dawa. Baba anayesema "mimi nipo tu hapa nje, mkinihitaji mniite" bado hajapewa kazi. Mpeni.

Namba kwenye monita

Monita huonyesha namba kadhaa, na mzazi anahitaji kuzijua 2 tu: mapigo ya moyo na asilimia ya oksijeni kwenye damu. Mtoto njiti aliye kwenye oksijeni kwa kawaida huwekewa lengo la asilimia 90 hadi 95. Ndugu akiona 92 anadhani mtoto hapewi hewa ya kutosha, anaanza kugombana na nesi. Ukweli ni kwamba oksijeni ikizidi kwa mtoto njiti huweza kuharibu mishipa midogo ya retina, ndani ya jicho, kwa hiyo kuzuia isifike 100 ni sehemu ya tiba. Namba nyingine inayochanganya watu ni ile ya oksijeni inayotoka kwenye mashine. Hewa tunayovuta sote ina oksijeni asilimia 21. Mashine ikishuka kutoka 40 kwenda 30, mtoto anasogea kwenye hewa ya kawaida. Hizo ni habari njema.

Alamu ikilia, tazama mtoto kwanza, monita baadaye. Mara nyingi ni ile kamba yenye taa nyekundu ya mguuni imelegea baada ya mtoto kurusha teke: namba inaruka ovyo au inapotea, lakini rangi ya midomo iko sawa na kifua kinapanda na kushuka. Mwite nesi arekebishe, usibonyeze kitu. Ikiwa midomo imegeuka bluu au kifua kimetulia, paza sauti hapohapo. Adabu ya kusubiri foleni haihusiki.

Raundi ya asubuhi

Nunueni kaunta buku moja. Kila ukurasa tarehe, uzito, maziwa kwa ml, dawa mpya, na maswali. Madaktari wakifika kitandani hawana dakika nyingi, na mzazi aliyekesha husahau alichotaka kuuliza. Maswali 3 yanatosha: "Dokta, tukilinganisha na jana, leo yukoje?" "Leo tunasubiri nini?" "Kitu gani kikitokea ndipo mtabadilisha matibabu?" Halafu rudia kwa maneno yako: "Kwa hiyo nimeelewa kwamba..." Hapo ndipo hugundulika kuwa "anaendelea vizuri" ya daktari ilimaanisha hajazidiwa, wakati nyumbani wameshaanza kutandika kitanda.

Usiulize "atapona lini?" kila asubuhi. Hutajibiwa, na utachoka. Uliza ni nini kinachomzuia kutoka, upate kitu cha kukifuatilia: kupumua mwenyewe, kutunza joto, kunyonya, kuongezeka uzito.

Maziwa

Kwa mtoto mchanga hii ndiyo kazi kubwa ambayo hakuna mashine inayoifanya badala ya familia. Ianze ndani ya saa chache baada ya kujifungua, hata kama mtoto bado halishwi.

Nawa mikono hadi kwenye viwiko. Weka kidole gumba juu ya titi na vidole 2 chini, kama sentimita 4 kutoka ncha ya chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Usiburuze vidole juu ya ngozi, utachubuka na kesho hutaweza. Titi moja dakika 3 hadi 5, hamia la pili, rudi, jumla dakika 20 hadi 30. Fanya hivyo mara 8 kwa saa 24, na moja ya hizo iwe kati ya saa 8 na saa 11 usiku, wakati ambapo homoni ya kutengeneza maziwa huwa juu. Mama anayeruka ya usiku "apumzike kidogo" huona maziwa yamepungua baada ya siku chache, kisha anaambiwa ni mawazo. Mawazo yanachangia kweli, lakini titi lisilokamuliwa hupokea habari moja tu: kazi imepungua.

Siku 2 za mwanzo yatatoka matone. Yavute kwa bomba la sindano la ml 2 lisilo na sindano; ukitumia kikombe kikubwa yote yatabaki ukutani. Kiasi kisikutishe. Mtoto wa kilo 1.5 akipangiwa ml 80 kwa kila kilo kwa siku, hiyo ni ml 120, yaani ml 15 kila baada ya saa 3. Kijiko kimoja cha mezani. Baadaye daktari hupandisha taratibu hadi ml 150 au 160 kwa kilo. Mama anayefika ml 500 hadi 750 kwa siku ifikapo wiki ya pili yuko pazuri.

Vyombo: osha kwa maji na sabuni, suuza, chemsha dakika 10, kausha kwa kufunika kwa kitambaa safi. Kila chupa iwe na jina la mama, wodi, tarehe na saa. Chupa isiyo na jina imwagwe, hata ikiuma, kwa sababu maziwa ya mama mwingine yanaweza kubeba virusi vya UKIMWI. Kwa sababu hiyohiyo usipokee "msaada" wa maziwa kutoka kitanda cha jirani bila wahudumu kujua.

Maziwa mabichi hukaa saa 4 kwenye joto lisilozidi nyuzi 25. Moshi mjini mwezi Februari joto hupita 30 mchana, kwa hiyo usiihesabu hiyo saa 4. Yapeleke kwenye friji mara moja. Kwenye friji ya nyuzi 4, kwa mtoto mgonjwa, yatumieni ndani ya siku 2. Ya kupasha yawekwe kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu. Kuyachemsha au kuyatia kwenye maikrowevu huharibu kinga iliyomo, na maikrowevu huacha sehemu zinazounguza.

Kuhusu mtori: upikwe, uletwe, ndizi na nyama ya kutosha. Haujazi maziwa kwa miujiza, unamlisha mtu ambaye hajala tangu asubuhi, na hilo ndilo lililokuwa tatizo. Chupa ya uji iwe kando yake saa za usiku.

Mtoto Moshi, mama Arusha

Hutokea mama amefanyiwa upasuaji Arusha, na mtoto amepewa rufaa kwenda KCMC, ambayo ni hospitali ya rufaa ya kanda ya kaskazini. Kati yao kuna kama kilomita 80 za barabara. Anayepanda na mtoto kwenye gari la wagonjwa abebe barua ya rufaa, picha za eksirei, majibu ya maabara, kadi ya kliniki ya mama, namba ya bima na nguo 3 za mtoto. Aliyebaki na mama aanze kumkamua saa ileile. Jeraha la upasuaji halizuii, akilala ubavu au akiegemea mito.

Maziwa yasafiri kwenye boksi la baridi lenye barafu ya kutosha, chupa zikiwa zimesimama na zimebanwa zisigongane. Humo hudumu hadi saa 24. Mpe mtu mnayemjua anayekwenda, si kondakta wa Koasta. Kitenge alicholalia mama usiku mzima nacho kipelekwe, wahudumu wakiruhusu kiwekwe karibu na mtoto, maana mtoto mchanga hutambua harufu ya mama yake. Na mama apigiwe simu ya picha kila siku kwa saa iliyopangwa. Kuona mtoto husaidia maziwa kushuka.

Wa kulala Moshi, tafuteni chumba ambacho mtu anaweza kutembea hadi hospitali, upande wa Longuo au Shanty Town, hata kikizidi bei kidogo. Nauli na bodaboda za usiku humaliza ile nafuu ndani ya wiki. Patana bei ya wiki, si ya siku. Kagua maji ya moto, ukimya usiku (sikiliza kama kuna baa jirani) na kama unaruhusiwa kuchemsha vyombo. Juni na Julai blanketi la chumba halitoshi. Beba la kwako.

Kangaroo, na mikono ya baba

Kangaroo ni kumbeba mtoto ngozi kwa ngozi kifuani kwa mzazi. Shirika la Afya Duniani (WHO) tangu 2022 linashauri watoto waliozaliwa kabla ya wakati au wenye uzito mdogo wakae hivyo saa 8 hadi 24 kwa siku. Utafiti uliofanyika katika hospitali za nchi 5, Tanzania ikiwamo, na kuchapishwa 2021, ulikuta kwamba kuanza mara baada ya kuzaliwa, bila kungoja mtoto atulie kwanza, kulipunguza vifo vya siku 28 za mwanzo kwa robo kwa watoto wa kilo 1 hadi chini ya 1.8.

Muulize nesi kama mtoto wako yuko tayari, hata akiwa na sipapu. Vua saa, pete na cheni. Mtoto abaki na nepi, kofia na soksi. Mweke wima katikati ya kifua, miguu imekunjwa kama chura, uso umegeukia upande mmoja na kidevu kimeinuka kidogo; kidevu kikilala kifuani njia ya hewa inajibana. Funga kitenge, ukingo wa juu ufike chini ya sikio. Mipira ibanwe kwenye nguo yako kwa plasta. Kaa si chini ya saa moja, kwa sababu kumhamisha ndiko kunakomchosha zaidi. Nenda haja kabla.

Kifua cha baba kinafaa sawa na cha mama, na zamu yake ndiyo saa ya mama kulala. Kwa mtoto asiyeweza kutolewa kitandani, usimpapase: ngozi ya njiti huona kupapaswa kama usumbufu. Weka kiganja kichwani na kingine miguuni, tulia dakika chache. Mtoto mkubwa aliyelazwa kwa dawa za usingizi ongea naye kwa sauti yako ya kawaida, umwambie ni nani yupo na ni saa ngapi.

Damu, bili, kazi

Damu: wachangiaji wawe na umri wa miaka 18 hadi 65, kilo 50 kwenda juu, mwanaume awe na miezi 3 tangu achangie mara ya mwisho, mwanamke miezi 4. Wale chakula na kunywa maji kwanza. Kituo cha damu salama cha kanda ya kaskazini kipo Moshi. Msilete watu 10 siku moja. Wapangeni 2 au 3, wengine wabaki akiba.

Mhazini aombe bili ya hadi leo kila baada ya siku 3, alipe kwa kontroli namba, atunze risiti kwa tarehe. Michango ipitie simu yake, si ya mama, na hesabu iwekwe kwenye kundi kila Jumapili. Michango hukauka pale watu wanapoacha kuona hesabu. Kisera, watoto chini ya miaka 5 hutibiwa bila malipo kwenye vituo vya serikali, lakini hospitali za mashirika zina utaratibu wao, na KCMC ni mali ya Shirika la Msamaria Mwema. Ulizeni dirisha la bima mapema ni dawa na vipimo gani havimo. Mkiona hamtaweza, nendeni ofisi ya ustawi wa jamii wiki ya kwanza. Bebeni barua ya serikali ya mtaa au kijiji, kitambulisho cha NIDA na tangazo la kizazi. Wengi huenda siku ya kuruhusiwa, wakati bili imeshafungwa na mtoto anakaa kitanda ambacho hakihitaji tena.

Kazini: likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa pacha. Mabadiliko ya sheria ya 2025 yanampa mama wa mtoto njiti muda wa ziada hadi kufikia wiki 40 za ujauzito, na baba wa mtoto njiti siku 7 badala ya 3. Ombi lipelekwe kwa maandishi pamoja na barua ya daktari inayotaja wiki za ujauzito. Bila hizo wiki, afisa utumishi hana cha kuhesabia.

Waliobaki nyumbani, na wanaokuja kuombea

Watoto wengine waambiwe ukweli mfupi: "Mdogo wako anaumwa, mapafu yake bado hayajakomaa, madaktari wanamsaidia kupumua." Ongeza kwamba si kosa la mtu, kwani mtoto wa miaka 6 aliyewahi kusema hataki mdogo huamini ndiye aliyemroga. Mpigieni saa ileile kila jioni, hata dakika 5.

Mchungaji, padri au shehe akaribishwe kwa idhini ya wodi. Mshumaa na ubani visiwashwe karibu na oksijeni, na mafuta ya upako yasipakwe kwa mtoto aliye kwenye oksijeni. Mwombeni ampake mzazi. Dawa za asili zisiingizwe kinywani wala kwenye mpira wa pua kwa siri. Kama zimeshatumika, mwambieni daktari, ajue anachopambana nacho.

Mama naye ni mgonjwa

Njiti wengi huzaliwa kwa sababu mama alikuwa na presha ya mimba, na presha hiyo huweza kupanda hata baada ya kujifungua. Kichwa kinachouma sana, kuona nyota, uso kuvimba, homa, damu inayojaza pedi ndani ya saa moja: haya si ya kusubiri. Mahudhurio yake ya siku ya 7, 28 na 42 yaandikwe kwenye kaunta buku kama ya mtoto. Akikosa usingizi hata pale anapopata nafasi, akilia kila siku kwa zaidi ya wiki 2, au akisema bora asingekuwepo, mbadala amshike mkono ampeleke kwa daktari siku hiyohiyo.

Mkiitwa mkaambiwa hali imebadilika, aje msemaji na mtu mmoja wa kumshika mama. Ulizeni kama mnaweza kumpakata wakati mashine zikiwa bado zipo. Na likitokea la kutokea, maziwa yataendelea kuja kwa siku kadhaa bila mtu kumwambia mama. Akamue kidogo tu kupunguza maumivu, aweke kitambaa cha baridi, avae sidiria inayoshika vizuri, wala asifungwe kwa kubanwa na kanga.

Kurudi nyumbani

Ombeni usiku 1 au 2 wa kumhudumia wenyewe wodini, wahudumu wakitazama. Fanyeni mazoezi ya dawa kwa bomba lilelile mtakalotumia, na kwenye kaunta buku andikeni ml, si mg. Kuchanganya hizo mbili ndilo kosa la dawa tunalolihofia zaidi nyumbani. Nunueni kipima joto: 36.5 hadi 37.5 ndiyo sawa. Hesabuni pumzi kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia. 60 au zaidi, kifua kubonyea ndani, kukataa kunyonya, kupoa mwili, degedege au ngozi kuwa ya njano vyote vinarudisha hospitali. Asilale kwenye nyumba ya jiko la kuni. Chanjo hufuata tarehe aliyozaliwa, si ile aliyotarajiwa, na njiti asikose kupimwa macho wiki ya 4 hadi ya 6.

Mzazi anayeshtuka kila simu inapolia kwa mlio unaofanana na wa monita, au anayeamka mara 10 kuangalia kama mtoto anapumua, hajachanganyikiwa. Hali hiyo inaweza kuchukua miezi. Badilisheni mlio wa simu, endeleeni na zamu za usiku kama mlivyokuwa wodini, na kaunta buku msilitupe, kwa sababu kwenye kliniki ya kwanza mtaulizwa uzito wa siku aliyotolewa sipapu.